Kupanda Njia ya Chai: Msafara wa Familia Kutoka Mombasa Hadi Kericho na Bomet

Kikombe cha chai kinachotangulia kila jambo katika nyumba zetu za pwani, tangu staftahi ya mahamri na mbaazi hadi posa na hitima, kina safari ndefu nyuma yake. Majani yake huchumwa katika nyanda za juu za nchi, hukatwakatwa na kukaushwa huko huko, kisha huteremshwa hadi kwenye maghala ya Mombasa. Yale ya Kericho na Bomet husafiri zaidi ya kilomita 700. Mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi na kuletwa mjini mwetu mwaka 1969. Hadi leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za Afrika hupata bei yake hapa, kabla ya kupakiwa melini Kilindini kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Sisi tu majirani wa mlango inakotokea chai. Ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuuona mlango inakoingilia.

Kwa sababu hiyo, katika likizo ya Agosti, familia sita za mtaa mmoja tuliazimia kuipanda njia hiyo hadi mwanzo wake. Tulikuwa watu 27, mkubwa wetu bibi wa miaka 71 na mdogo wetu mtoto wa miezi tisa, katika magari matatu: basi dogo moja na Noah mbili. Tunawaandikia wasomaji wetu yale tuliyoyaona, na pia namna tulivyosafiri, kwa kuwa familia nyingi hutamani safari ya namna hii na kuiogopa kwa wakati mmoja.

Amiri wa safari

Msafara si jambo geni kwa watu wa pwani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Mrima na Mombasa walikwea bara kwa miguu, na jina la Jumbe Kimameta wa Pangani, aliyezijua njia za Umasaini kabla ya wageni wa Ulaya, limo katika vitabu vya historia. Msafara wa siku hizo ulikuwa na kirangozi wa kuonyesha njia, na hakuna aliyemtangulia. Dini yetu nayo imetufundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini, wamteue mmoja wao awe amiri.

Tulimteua mwalimu wa madrasa aliyestaafu, ambaye watoto wote humwita Maalim. Fedha za safari, yaani mchango wa kila familia kwa ajili ya mafuta, chakula na malazi, zilikabidhiwa mama mmoja ambaye daftari lake halikubali senti isiyojulikana ilikokwenda. Kisha tukaafikiana juu ya masharti manne. Magari hayatapitana. Kila baada ya saa mbili tutasimama. Mwenye lalamiko atalipeleka kwa amiri, hatalinong'ona garini. Na la nne, ambalo ndilo lililokuja kutujaribu: magari hayatatembea usiku.

Akina mama walifanya maandalizi ambayo hayaandikwi katika vitabu vya utalii. Waliorodhesha vituo vya mafuta vyenye vyoo safi tangu Voi hadi Narok. Waliweka kopo na dumu la maji ya kutawadhia katika kila gari, mikeka miwili, kanga za ziada, na masweta ambayo huku kwetu hukaa kabatini mwaka mzima. Chakula cha siku ya kwanza kilipikwa nyumbani: mikate ya sinia, samaki wa kukaanga, viazi vikavu na chupa nne za chai. Jiko dogo la gesi na sufuria mbili ziliwekwa nyuma ya basi, ili tusilazimike kukisia kama nyama ya mkahawani imechinjwa na nani.

Kutoka nyika hadi nchi ya ngano

Tuliondoka Jumatano baada ya sala ya Alfajiri. Mazeras, Mariakani na Samburu zilipita kabla jua halijakolea, na saa tatu kasorobo tukasimama Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli ya Uganda. Msafiri wa barabara hii, awe dereva wa lori au abiria wa basi, amezoea kupunguza mwendo hapa. Watoto walinyoosha miguu, wakubwa wakasali rakaa mbili, kisha tukaingia katika nyika ya Taru na Tsavo. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 ilituandamana upande wa barabara, na chini ya madaraja yake tuliwaona ndovu wenye rangi ya udongo mwekundu wakivuka kama wanaopita chini ya ukumbi wa nyumba yao.

Baada ya Mtito Andei tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza katika msikiti wa kando ya barabara. Alasiri tulipita Sultan Hamud, na Maalim akawaeleza watoto kwamba mji huo umechukua jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Kijana mmoja alishangaa kwamba jina la Unguja limepandwa katikati ya nchi ya Wakamba na Wamasai. Usiku huo tulilala Nairobi kwa jamaa zetu.

Alhamisi tulishuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Huko karibu na barabara lipo kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano, waliotumiwa kuichonga njia hiyo katika jabali. Barabara ya Narok inakata uwanda mpana, kavu, wenye mbuzi wengi kuliko watu. Baada ya Narok ardhi ilianza kuinuka tena. Tulipita mashamba ya ngano, kisha Ololulunga, kisha Mulot, penye mpaka wa kaunti za Narok na Bomet. Hapo hewa ilibadilika. Madirisha yalifungwa, masweta yakatolewa, na bibi yetu akasema kwamba sasa ameamini kuwa Kenya ni nchi zaidi ya moja.

Mji wa Bomet umekaa juu ya mto Nyangores. Mto huu na mwenziwe Amala hutoka katika msitu wa Mau, hukutana na kuwa mto Mara, hupita katika mbuga ya wanyama na kuingia Tanzania hadi Ziwa Victoria. Msitu huo huo ndio unaoipa nchi ya chai mvua na umande wake. Kwa ajili ya kuulinda, serikali ilianzisha mwaka 1986 ukanda wa chai ya Nyayo kuzunguka misitu, ili zao hilo liwe ua kati ya shoka na miti.

Nchi iliyotandikwa kijani

Asiyeiona nchi ya chai huidhania kuwa shamba. Aliyeiona hujua kwamba ni kama bahari. Kutoka Kaplong hadi Kapkatet na Litein, na zaidi mtu anapokaribia Kericho, vilima vyote vimefunikwa na kijani cha namna moja, kimelinganishwa juu kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Mchai ukiachwa huwa mti mrefu. Hapa hukatwa na kuwekwa usawa wa kiuno, ili mchumaji aufikie, na mche mmoja huweza kuvunwa kwa miaka mingi kuliko umri wa mwenye kuupanda.

Mimea hii haikuwa ya nchi hii. Mbegu za kwanza za chai zilipandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikafungua mashamba makubwa Kericho. Kericho ina mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, mvua yake hainyeshi kwa msimu tu, na udongo wake una tindikali inayoupendeza mchai. Lakini ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wakipsigis waliondolewa katika sehemu kubwa ya malisho yao ili mashamba ya walowezi yapate nafasi, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho, hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Watoto na wajukuu wao wanadai haki hiyo mpaka leo. Mtu wa pwani, ambaye anajua maana ya kuishi miaka mingi juu ya ardhi ambayo hati yake imeandikwa jina la mwingine, hahitaji kufafanuliwa jambo hili mara mbili.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, iliundwa taasisi ya kuwasimamia wakulima wadogo wa chai, ambayo mwaka 2000 ikawa kampuni inayomilikiwa na wakulima wenyewe kupitia viwanda vyao. Leo wakulima wa namna hiyo nchini ni zaidi ya 600,000. Wengi wana ekari moja au hata nusu yake. Hulipwa kiasi kila mwezi kwa kilo walizopeleka, kisha mwisho wa mwaka wa mavuno hupata malipo ya pili wanayoyaita bonasi. Bonasi ndiyo inayolipa karo, ndiyo inayoezeka mabati. Nayo hutegemea bei inayotajwa kule kwetu, mnadani Mombasa.

Majani mawili na kichipukizi

Ijumaa tulisali sala ya Jumaa mjini Kericho, safu moja na Wasomali, Wanubi, Waislamu wa asili ya Kihindi na vijana wa Kikipsigis, na baada ya sala tukapata wenyeji kana kwamba walikuwa wakitungoja. Mmoja wao ndiye aliyetupeleka siku ya pili katika shamba dogo la jirani yake, upande wa Bomet.

Mwenye shamba alitupokea kwa salamu ya kwao, "Chamgei", na watoto wetu wakaitikia kwa furaha. Walituletea mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, ambao huyapa rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Baadhi yetu walimaliza kikombe na kuomba kingine. Wengine walishukuru kwa heshima na kukipitisha kwa jirani.

Kisha tukaingia baina ya mistari. Kinachochumwa ni majani mawili na kichipukizi kilicho katikati yake, basi. Jani la tatu limekomaa, nalo huishusha thamani ya mzigo wote. Mkono wa mchumaji hauchagui kwa jicho, huchagua kwa ncha za vidole. Kila baada ya wiki moja au mbili mchumaji hurudi kwenye mche ule ule, mwaka mzima. Watoto wetu kumi na wawili walichuma kwa muda wa nusu saa, na walichopata hakikufunika tako la kapu. Mama aliyekuwa akituelekeza alicheka, akachuma peke yake kwa dakika chache na kutushinda sote.

Mama huyo hakuwa mwenye shamba. Alikuwa kibarua, mama wa watoto wanne, na vidole vyake vilikuwa vimeingia weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni. Bibi yetu aliketi juu ya kapu lililopinduliwa, naye akaja kuketi karibu.

"Kogo," akamwuliza, kwa neno wanalomwitia bibi, "huko kwenu chai mnainywa na nini?"

"Na iliki, mwanangu, na tangawizi, na mahamri ya nazi. Na maziwa tukiyapata."

"Basi mnainywa vizuri. Sisi tunachuma nzuri, tunakunywa ile ya vumbi."

Bibi alimwambia kwamba hata sisi, tulio na mnada mlangoni, hununua pakiti dukani kama watu wengine. Wakacheka wote wawili.

Alitueleza kwamba hapo awali alikuwa akifanya kazi katika shamba kubwa, akilipwa kwa kilo, mpaka mashine zilipoletwa. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na anayeishika mara nyingi ni mwanamume. Tulikumbuka habari za Mei 2023, waandamanaji walipozichoma mashine za kuchumia chai huko Kericho. Wenye kampuni husema gharama zimepanda na bei ya dunia haipandi. Wachumaji husema kilo ndiyo iliyosomesha watoto wao. Hatukuwa na elimu ya kukata shauri hilo, ila tuliona kwamba aliyekuwa akizungumza nasi hakuwa na pahali pengine pa kuupeleka mkono wake.

Lipo pia jambo ambalo akina mama walilizungumza kwa sauti ya chini, watoto wakiwa mbali. Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba makubwa ya chai walieleza kwamba wasimamizi wao waliwadhalilisha, wakiifanya kazi kuwa bei ya miili yao. Hatukumwuliza mwenyeji wetu juu ya hilo, wala si adabu kumfungua mtu jeraha lisilokuhusu. Lakini hatuwezi kuandika juu ya uzuri wa vilima hivi katika gazeti la familia tukalipita jambo hilo kimya. Mwanamke anayetafuta riziki ya halali ana haki ya kuipata bila ya kutishwa, na anayemtisha amekula riziki hiyo kabla haijafika mkononi mwake.

Kisha mama yule akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumelitayarishia jibu. Mdogo wake wa kike amekwenda mjini kufanya kazi ya nyumbani. Akataka kujua: "Na huko kwenu Mombasa, yule anayewasaidia nyumbani, mnamlipa tarehe ngapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua desturi ya watu. Mmoja wa akina mama alijibu, "Mwisho wa mwezi, dada, Mungu akijaalia." Mama yule akatikisa kichwa na kusema kwamba mdogo wake pia aliambiwa hivyo, na mwezi wake umekuwa hauishi.

Ndani ya kiwanda

Alasiri hiyo tuliruhusiwa kuingia katika kiwanda kimoja cha wakulima wadogo, kwa mpango uliofanywa mapema. Wanawake wote walifunikwa nywele kwa kofia za kitambaa juu ya mitandio yao, na mabinti zetu walipendezwa kuona kwamba hapo kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, hufunika kichwa.

Majani mabichi hutandazwa juu ya vitanda virefu vyenye wavu, hewa ikipulizwa kutoka chini, kwa saa 12 hadi 18, mpaka yalegee. Yakishalegea hupitishwa baina ya rola zenye meno yanayoyakata, kuyapasua na kuyasokota kuwa chembe. Hapo bado ni ya kijani. Huachwa yapate hewa, na ndani ya muda wa saa moja au zaidi kidogo, mbele ya macho ya mtu, kijani hugeuka kuwa shaba. Harufu inayotoka hapo ndiyo harufu ya chai kwa mara ya kwanza. Kisha hukaushwa kwa joto la tanuri la kuni za mikaratusi, huchekechwa kwa ukubwa wa chembe, na kutiwa katika magunia ya karatasi. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Jina la kiwanda na daraja ya chai huandikwa juu ya gunia, na safari ya kwenda Mombasa huanza.

Msichana wetu wa miaka kumi na tatu alisimama mbele ya gunia moja na kuuliza kama jina la mchumaji nalo huandikwa. Msimamizi, kijana mpole, alisema kwamba gunia moja lina mikono ya watu wengi mno.

Sharti la nne

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya kurejea. Tulikuwa tumepanga kuondoka Kericho saa nne asubuhi kwa njia ya Londiani na Nakuru, tulale Nairobi. Lakini dereva wa Noah ya pili alisikia mlio asioupenda katika breki. Fundi alizikuta pedi zimekwisha, na duka la vipuri lilichelewa kufunguliwa. Ilipotimia saa nane gari lilikuwa tayari, na mbingu nazo zikawa tayari. Mvua ya mawe ilishuka. Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Kwa robo saa mabati yalipiga kelele hata mtu hamsikii wa kando yake, na barabara ikawa nyeupe. Watoto walidhani ni theluji.

Ilipokatika, ilikuwa saa tisa na nusu, na ukungu ulikuwa umeshuka juu ya njia. Hapo ndipo msafara wetu ulipogawanyika. Baba mmoja alikuwa na kazi Jumatatu asubuhi, na mwajiri wake alikwisha kumwonya. Mama mmoja alikuwa na binti anayefungua shule ya bweni siku hiyo hiyo. Walisema, na walikuwa na hoja, kwamba tungeweza kufika Nakuru kabla ya giza kukolea, na kwamba mabasi na malori yanapita kila dakika. Wengine waliogopa lakini hawakutaka kuwavunja moyo. Maalim aliwasikiliza wote hadi mwisho. Kisha akasema neno moja: tutaondoka alfajiri.

Baba yule alinyamaza, uso umebadilika. Kwa muda ilionekana kwamba angechukua familia yake na gari lake aende. Bibi yetu ndiye aliyevunja kimya. Akamwambia, "Mwanangu, kazi ikikufukuza utarudi nyumbani kwako. Barabara ikikufukuza, nani atarudi?" Alitoka nje akapiga simu, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikwenda kumsaidia dereva kufunika mizigo kwa turubai. Hakusema neno, na hakuna aliyemlazimisha aseme.

Jumatatu, baada ya Alfajiri, tulipita Londiani. Hapo kwenye makutano ya barabara, jioni ya Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia wachuuzi, abiria na wapita njia, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Magari yetu yalipunguza mwendo. Maalim aliomba dua kwa ajili ya waliofikwa na msiba huo na wale waliowaacha. Wakati ule wanawake walikuwa wamekwisha kupanga nyanya, karoti na viazi vyao kando ya njia, wakingoja wateja. Baba yule alisema kwa sauti ya chini, "Simama tununue." Tulinunua zaidi ya tulivyohitaji.

Kwa wanaotaka kusafiri

Tuna nasaha chache kwa familia zinazotamani njia hii. Safirini pamoja, wanawake na mahramu zao, na mumteue amiri kabla ya kutoka, si baada ya kuhitilafiana. Chukueni nguo nzito, hata Januari. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia katika shamba la mtu na kabla ya kumpiga picha mchumaji, kwa kuwa yeye yuko kazini. Katika madhehebu ya Imam Shafii, anayekusudia kukaa pahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, haruhusiwi tena kupunguza sala. Sisi tulikusudia siku mbili tukakaa tatu, ruhusa ikabaki. Kagueni breki Mombasa, na mkague tena huko juu kabla ya kuteremka. Na hesabuni siku moja ya ziada tangu mwanzo, ili amiri asiposema "hapana" kwenu, asisemewe na saa.

Baba yule hakupoteza kazi yake, alhamdulillahi, ingawa alikatwa mshahara wa siku moja. Jirani wa msafara walitaka kumchangia fidia hiyo naye akakataa. Binti aliingia shuleni Jumatano akiwa na barua ya mzazi na kifurushi cha chai kwa mwalimu wake.

Ama swali la yule mama wa Bomet, lilisafiri nasi garini. Baina ya Naivasha na Nairobi mama mwenye daftari la fedha alilifungua ukurasa mpya na kuandika majina ya wasichana na wanawake wanaofanya kazi katika nyumba zetu sita, kwa majina yao kamili, na mbele ya kila jina mshahara na tarehe. Mafunzo ya dini yanatutaka tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na wote tuliokuwamo garini tumeyasikia tangu utotoni. Tarehe iliyokubaliwa ni ya mwisho wa mwezi, bila ya kuongeza neno baada yake.